Duluth hawakupata roho mpya, vijana wao wamekua tu

Misimu mitatu mfululizo timu ya hoki ya barafu ya chuo cha Minnesota Duluth ilikuwa inapigwa tu. Msimu wa 2022-23 walishinda mechi 16 wakafungwa 20, uliofuata wakashinda 12 wakafungwa 20, halafu 2024-25 wakashinda 13 na kufungwa 20 tena, yaani ukijumlisha unapata ushindi 41 kwa vipigo 60, sare weka pembeni. Ikaja vuli ya 2025, kocha yuleyule, uwanja uleule, na timu ikaanza kushinda mpaka ikakaa kule juu kwenye kura za nchi nzima za kupanga ubora wa timu, na hapo kila mtu akaja na maelezo yanayofanana: vijana wamepata mentaliti, wamekuwa ngangari kichwani, hawakati tamaa tena. Mi naona maelezo haya yamegeuzwa, mwisho wa jambo umefanywa mwanzo. Ungangari wa kichwani upo, siukatai, ila kwa timu ya chuo mara nyingi unakuja mwishoni, baada ya mabeki kukomaa na kipa kutulia na watu kukaa pamoja miaka miwili mitatu. Na kwa kuwa tunalisoma vibaya hili, hatuoni kwamba kanuni mpya iliyoanza tarehe 1 Agosti 2025, ya kuwaruhusu wachezaji wa ligi kuu za vijana za Kanada kucheza vyuo vya Marekani, ile ambayo mashabiki wa timu dhaifu wanaishangilia kama mkombozi, inaweza kuua kitu kilekile kilichowatoa Duluth shimoni.

Kwa wasiofuatilia (na najua wengi wetu barafu tunaijua ya kwenye friji, ingawa Nairobi kuna Ice Lions waliojifunza mchezo huu pale hoteli ya Panari), Duluth ni mji wa bandari kaskazini mwa Minnesota, kwenye ukingo wa Ziwa Superior, baridi yake ni ya kukausha masikio. Chuo chenyewe si kikubwa kimichezo, karibu michezo yake yote iko daraja la pili la NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, lakini hoki iko daraja la kwanza na huko imekuwa ikiwatoa jasho vigogo wenye hela. Kocha Scott Sandelin yuko pale tangu 2000. Amechukua ubingwa wa taifa 2011, 2018 na 2019, na 2017 alifika fainali akafungwa na Denver. Sasa weka hiyo rekodi kichwani kisha uniambie: mtu aliyejenga timu ya kuchukua ubingwa miaka miwili mfululizo alisahau lini kufundisha vijana kuwa na roho ngumu? Alisahau 2022, akakumbuka 2025? Hapo ndipo nadharia ya mentaliti inapoanza kuchechemea, na bado hatujafika popote.

Tuiangalie ile timu ya 2018 kwa karibu, maana ndiyo inayotajwa kila mtu akitaka mfano wa ungangari. Ile timu iliingia kwenye mashindano ya taifa ya timu 16 kwa tofauti ya 0.0001 kwenye hesabu za kupanga timu, ikiwapita ndugu zao wakubwa wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Desimali nne hizo. Ilipoingia ikashinda mechi zote nne kwa goli moja moja: Minnesota State 3-2 kwenye muda wa nyongeza, Air Force 2-1, Ohio State 2-1, halafu fainali dhidi ya Notre Dame 2-1. Kila mtu akasema hawa vijana wana moyo wa simba. Sawa, pengine wanao. Ila matokeo ya mechi nyingine kabisa huko yangekwenda tofauti kidogo tu, moyo huo tungeushuhudia wapi, nyumbani kwenye sofa? Na mechi nne za goli moja moja zina bahati ndani yake, hakuna namna, kile kisahani kinachochezwa badala ya mpira kinagonga kiatu cha mtu kinaingia au kinagonga mwamba kinatoka. Kilichokuwa cha uhakika kwenye ile timu ni safu ya mabeki: Scott Perunovich, Mikey Anderson na Dylan Samberg, wote mwaka wa kwanza wakati ule, nyuma yao kipa Hunter Shepard ambaye baadaye alidaka mechi zaidi ya 100 mfululizo bila kupumzishwa. Mwaka uliofuata watu haohao wakarudi, wakiwa wakubwa zaidi na wanajuana zaidi, wakachukua ubingwa tena kwa kuwafunga UMass 3-0. Perunovich akawa mchezaji bora wa vyuo 2020, Anderson na Samberg leo wanacheza NHL, ligi kuu ya kulipwa ya Amerika Kaskazini. Hicho ndicho kilichokuwa nyuma ya roho ngumu, mabeki watatu wa kiwango cha NHL ambao hawakuhama.

Nikubali upande wa pili una hoja, tena moja ni nzito. Kupoteza kunafundisha kupoteza. Timu iliyozoea kufungwa kipindi cha tatu, yaani cha mwisho, inaanza kucheza kipindi cha tatu ikisubiri kosa litokee, beki anaogopa kupasia katikati, anakitupa kisahani mbele tu, wapinzani wanakirudisha, dakika mbili baadaye kimo wavuni. Ukikaa uwanjani unaiona hii kabisa, mabega yanashuka. Duluth haohao mwaka 2021 walicheza na North Dakota pale Fargo mechi iliyokwenda vipindi vitano vya nyongeza, ndefu kuliko zote kwenye historia ya mashindano yale, walikuwa wanaongoza 2-0, wakasawazishiwa ndani ya dakika mbili za mwisho, ukapita usiku wa manane, wakashinda 3-2. Timu iliyozoea kuumizwa ingekufa pale ilipopigwa goli la kusawazisha. Kwahiyo siwezi kusema kichwa hakina kazi, na vyuo vinavyoajiri wanasaikolojia wa michezo havitupi hela, kijana kujifunza namna ya kusahau kosa lake ndani ya ule muda mfupi kabla zamu yake haijarudi ni ufundi kama ulivyo ufundi mwingine, unafundishika na unafanyiwa mazoezi. Hoja hii naichukua.

Hoja ninayoikataa ni ile nyepesi, nayo ndiyo yenye watu wengi. Kuna mzee mmoja nilikaa naye jirani pale Amsoil Arena, uwanja wa Duluth, msimu wa kipigo, amevaa jezi ya miaka ile ya ubingwa, kila Duluth wakifungwa anarudia kwamba watoto wa siku hizi ni laini, wapelekwe barafuni saa kumi na moja alfajiri wateleze bila kisahani mpaka watapike, hapo ndipo watajua. Nilimpenda yule mzee, ila alikosea. Adhabu ya kuteleza mpaka kutapika haimwongezei beki wa miaka 19 kilo nane za misuli. Haimfanyi kipa aone shuti lililofichwa nyuma ya watu watatu. Inachofanya ni kumchosha Jumatatu ili Ijumaa achelewe nusu hatua, na hoki ni mchezo wa nusu hatua. Halafu kuna wale wa kufukuza kocha. Michigan State walipitia hiyo njia, wakabadilisha makocha, wakakaa kuanzia 2012 mpaka 2024 bila kuingia kwenye mashindano ya taifa, chuo chenye makombe matatu. Walipompata Adam Nightingale 2022 mambo yakageuka kweli, na watu wakasema ameleta nidhamu na moyo. Ila angalia alicholeta pamoja na huo moyo: mwaka wa kwanza akamchukua kipa mzoefu Dylan St. Cyr aliyekuwa amepita Notre Dame na Quinnipiac, mwaka wa pili akaja Trey Augustine, kipa aliyedakia Marekani mpaka dhahabu ya dunia ya vijana. Moyo ulikuja umevaa glavu za kipa.

Hapa kwa kipa tusimame kidogo kwa sababu hesabu yake ni rahisi na watu wanairuka. Timu ya chuo inapigiwa mashuti kama 30 kwa mechi. Kipa anayezuia asilimia 92 na kipa anayezuia asilimia 89 ukiwatazama kwa macho huwezi kuwatofautisha, wote wanaonekana wanadaka vizuri tu. Ila asilimia 3 za mashuti 30 ni karibu goli moja zima kila mechi. Goli moja kila mechi! Timu iliyokuwa inashinda 3-2 sasa inatoka 3-3 na kwenda kufia muda wa nyongeza, iliyokuwa inatoka sare sasa inafungwa, na mwandishi wa gazeti anaandika kwamba timu haina uwezo wa kumaliza mechi, na kocha akiulizwa na yeye anajibu hivyohivyo maana hawezi kusimama mbele ya kamera akasema kipa wangu ana miaka 19 na bado anajifunza. Duluth walipompoteza Ryan Fanti 2022, aliyesaini timu ya NHL ya Edmonton, walipoteza hicho hasa. Baadaye wakamleta Adam Gajan, Mslovakia aliyechaguliwa na Chicago raundi ya pili ya drafti ya 2023 (pale timu za NHL zinapogawana vijana), mwaka wake wa kwanza akawa anagawana lango na mwenzake. Kijana wa kuagizwa kutoka Ulaya, mwaka wa kwanza chuo, lugha ya pili, timu mbovu mbele yake. Ulitaka awe ngangari kwa kutumia nini?

Na kuna umri, ambao kwa hoki ya vyuo ni jambo kubwa kuliko michezo mingine mingi ya vyuo Marekani. Mchezaji anaweza kuingia mwaka wa kwanza akiwa na 18 na mwingine akaingia na 20 au karibu 21 baada ya kucheza ligi za vijana, kwahiyo Ijumaa usiku unaweza kukuta mtoto aliyetoka sekondari juzi anabanwa kwenye ubao wa pembeni na mwanaume wa miaka 24 mwenye ndevu. Baada ya korona hali ikawa mbaya zaidi kwa sababu NCAA iliwapa wachezaji wote wa msimu wa 2020-21 mwaka mmoja wa ziada, ikawa kwa misimu kadhaa ligi imejaa wazee. Fainali ya 2023 ndiyo picha yake. Minnesota walikuwa na Logan Cooley na Matthew Knies na vijana wengine kibao wenye majina kwenye drafti ya NHL, wakaongoza 2-0, Quinnipiac wenye wachezaji wasiojulikana lakini watu wazima wakarudisha, la pili wakalifunga wakiwa wamemtoa kipa ili waongeze mshambuliaji zikiwa zimebaki chini ya dakika tatu, kisha sekunde 10 tu za muda wa nyongeza Jacob Quillan akamaliza kazi. Mwaka uliofuata Boston College wenye vinara wa mwaka wa kwanza wakafungwa 2-0 na Denver, kipa Matt Davis akazuia mashuti 35. Mara zote mbili likatoka neno lilelile, kwamba wale wadogo hawakuwa na mentaliti ya fainali. Wadogo walikuwa wadogo, basi.

Mfano unaonikaa zaidi ni wa Isaac Howard, na unauma kidogo kwa Duluth. Aliingia pale 2022 akiwa mchezaji wa raundi ya kwanza ya drafti, akiwa na sifa zote, akamaliza msimu na pointi 17 (magoli na pasi za magoli). Watu wakanung'unika, eti kijana kajivuna, hajitumi. Akaingia kwenye ule utaratibu wa uhamisho akaenda Michigan State, msimu wa kwanza kule pointi 36, wa pili 52, kati ya hizo magoli 26, akachukua tuzo ya Hobey Baker, ile ya mchezaji bora wa vyuo, 2025. Unaweza kusema Michigan State walimkomaza kichwa, na mimi sitabisha kabisa kabisa. Ila jamaa pia alitoka miaka 18 akaenda 20, akawekwa na wachezaji wazuri zaidi, akapata misimu miwili ya kulala akijua nafasi yake iko palepale. Duluth walipanda wakang'oa kabla ya mavuno, yaani hata si wao waliong'oa, mmea ulihama wenyewe. Sasa linganisha na kilichotokea kwa wale waliobaki. Max Plante na kaka yake Zam ni watoto wa Hermantown, mji uliobanana na Duluth kabisa, baba yao Derek alichezea hapohapo kabla ya kwenda NHL. Waliingia wote pamoja 2024, pamoja nao Jayson Shaugabay kutoka Warroad kule mpakani na Kanada. Wakapigwa msimu mzima. Hawakuhama, wakarudi mwaka wa pili, wakawekwa mstari mmoja wa ushambuliaji, na hapo ndipo vuli ya 2025 ikawa vile ilivyokuwa. Kwenye mstari ule ukiangalia pasi za nyuma ya lango, Max anaachia kisahani bila hata kugeuza shingo kwa sababu anajua Zam yuko wapi, hiyo huwezi kuipata kwa hotuba ya chumba cha kubadilishia nguo.

Mtu atasema basi hayo mazoea ndiyo mentaliti yenyewe, unabishana na nini? Nabishana na mpangilio wa mambo, kwa sababu ndio unaoamua hela na nafasi zinaenda wapi. Ukiamini roho ngumu ndiyo chanzo, timu ikiyumba utatafuta watu wenye roho ngumu tayari, walioiva, uwalete haraka. Ukiamini chanzo ni ukuaji, utavumilia. Na Michigan State wenyewe wanatuonyesha kuvumilia hakuna uhakika wa kombe: Machi 2025, timu bora kabisa, Howard yumo, Augustine langoni, mechi ya kwanza ya mashindano pale Toledo wakafungwa na Cornell 4-3 kwa goli lililofungwa zikiwa zimebaki sekunde kama 10. Walikuwa na mentaliti mwezi mzima, wakaikosa sekunde 10? Mfumo wa kutolewa kwa mechi moja unafanya hivyo, unatoa hadithi za roho kila mwaka bila kukosa, na kila mwaka tunazinunua.

Sasa ile kanuni. Zamani mchezaji aliyecheza hata mechi moja kwenye ligi kuu za vijana za Kanada, zile tatu zinazounda CHL, alihesabiwa kama mchezaji wa kulipwa na NCAA ilimfungia mlango, sababu ikiwa ni ile posho wanayopewa na uwepo wa wachezaji waliokwisha saini mikataba ya NHL. Novemba 2024 NCAA ikapiga kura kuufungua huo mlango, na kuanzia 1 Agosti 2025 wakaanza kumiminika. Gavin McKenna, yule kijana wa Yukon aliyekuwa anasumbua Medicine Hat, akaenda Penn State, na vyombo vya habari vikaripoti hela ya kama dola laki 7. Porter Martone akaenda Michigan State. Mashabiki wa timu za mkiani wakafurahi, hoja yao ikiwa kwamba vijana wa CHL wanacheza mechi 68 kwa msimu, wanasafiri kwa basi usiku kucha, wanakuja wamekomazwa. Ni kweli wanacheza mara mbili ya wa vyuo, ambao wana mechi kama 34, Ijumaa na Jumamosi. Lakini ndiyo maana wengi wao wanataka kuja chuo! Wanataka zile siku nne za katikati ya wiki, chumba cha vyuma, video, muda wa kujenga mwili, vitu ambavyo ratiba ya mechi 68 haiwaachii nafasi. Yaani wao wanakuja kufuata malezi, sisi tunawasubiri watuletee ugumu uliokwisha tengenezwa kiwandani.

Na nafasi haziongezeki. Baada ya makubaliano ya mahakamani ya Juni 2025 yaliyoruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, chuo kilichoingia kwenye mpango ule kinabanwa kwenye wachezaji 26 wa hoki. Kwahiyo kila kijana wa miaka 20 anayetoka Kanada akiwa ameiva anakaa kwenye kiti cha mtu, na mtu huyo kwa sehemu kubwa ni yule mtoto wa sekondari wa Minnesota anayechelewa kukua, ambaye zamani angechukuliwa, akae benchi mwaka mmoja, anenepe, aje alipuke akiwa mwaka wa tatu. Huyu sasa ataambiwa nenda kacheze ligi ya vijana mpaka ufike 20 ndiyo urudi, akirudi atakuta mwingine. Vigogo hawataumia, Penn State na Michigan wana hela ya kununua walioiva kila mwaka na mwaka unaofuata wakanunua wengine. Watakaoumia ni wa aina ya Duluth, chuo cha mji mdogo ambacho silaha yake miaka yote imekuwa kumjua mtoto wa Hermantown tangu ana miaka 12 na kuwa na subira naye. Tena ubaya wake ni kwamba ukishindwa misimu mitatu kama walivyoshindwa wao, presha ya kuachana na hiyo subira inakuwa kubwa hasa pale ambapo ndiyo kwanza inakaribia kulipa. Fikiria chuo kingekata tamaa Aprili 2025, kikamuonyesha Sandelin mlango, kikasafisha timu kwa kutumia uhamisho. Ndugu wawili wa Plante wangebaki?

Max alichaguliwa na timu ya NHL ya Detroit raundi ya pili 2024, na mchezaji wa namna hiyo siku akiitwa anaondoka. Pale ndipo tutajua Duluth wenyewe walijifunza nini kutokana na msimu ule wa 2025-26. Mimi sitasikiliza maneno ya kocha kuhusu tabia na utamaduni wa timu, ningeangalia orodha ya usajili: wangapi wana miaka 18 na wangapi 21, wangapi wametoka ndani ya saa mbili za gari kutoka Duluth, kipa wa akiba ana miaka mingapi, na mabeki wa mwaka wa kwanza wanapewa dakika ngapi Oktoba wakati timu bado inaweza kumudu makosa yao.